Dhambi au Bahati Mbaya?



Mwishoni mwa kiangazi kilichopita, baada ya Misa ya Jumapili, kijana mmoja wa mtaa wetu alinifuata nyumbani. Nilimfundisha darasa la nne na la tano. Sasa ni mtu mzima mwenye watoto watatu, na kazi yake ni kufuata nyayo kwa ajili ya wageni wanaokuja kuwinda katika Pori la Akiba la Selous, yaani ile sehemu iliyobaki kuwa pori la akiba baada ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kutengwa humo mwaka 2019. Aliniamkia, akaketi, akanywa maji, kisha akafungua kitambaa na kuweka mezani vichwa viwili vya risasi vilivyokwisha kupigwa. Kimoja kilikuwa kimefunuka mbele kama uyoga, lakini shina lake lilikuwa zima. Kingine kilikuwa kimepasuka kabisa, limebaki gamba limekunjamana kama ganda la karanga lililokanyagwa. Vyote viwili vilitoka katika mwili wa nyati mmoja.

"Hiki," akasema akikigusa kile kilichopasuka, "ndicho cha kwanza, cha mgeni. Kiligonga mfupa wa bega kikaishia hapo hapo. Hiki cha pili ni cha mwindaji bingwa wetu, baada ya saa tano za kufuata damu. Mwalimu, mgeni yule alikuwa na risasi nyingine sandukuni, za kufaa nyati, na aliambiwa. Yeye akapenda hizi kwa kuwa ndizo anazowindia kulungu wa kwao. Sasa nakuuliza, ile ilikuwa dhambi au bahati mbaya tu?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia nitafikiri, naye akaniachia vile vichwa viwili. Ukweli ni kwamba swali lake nilikuwa nalo tangu mwaka 1987, na kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikilipa jibu la bahati mbaya kwa sababu ndilo linaloniachia usingizi.

Labda wengine mtasema jambo hili halina nafasi katika gazeti la kanisa. Hata hivyo, sisi wa kusini tunaishi ukingoni mwa pori. Wapo kati yetu askari wa wanyamapori, wapo wenye leseni za bunduki, wapo ambao mahindi yao yameliwa usiku mmoja, na wapo waliozika. Tena mimi naona kwamba katika uwindaji sehemu kubwa ya wema na ubaya huamuliwa kabla ya mtu kutoka nyumbani, naye akiwa ameketi, hakuna anayemfukuza, ana mwanga wa kutosha na risasi ziko mbele yake. Ndiyo sababu nataka tuangalie kwanza risasi yenyewe, maana asiyejua inavyofanya kazi hawezi kujua mtu anachagua nini.

Risasi tunayoitia katika bunduki ina mambo manne: ganda la shaba, fataki nyuma yake, baruti ndani, na kile kichwa kinachoruka. Kiswahili chetu kimekipa kichwa hicho jina lile lile la madini yake, risasi, kwa sababu tangu zamani kimefanywa kwa madini hayo mazito na laini. Lakini risasi tupu ikirushwa kwa kasi kubwa huyeyuka na kuvurugika mtutuni, kwa hiyo huvikwa koti la shaba. Mambo yote yaliyobaki hutegemea koti hilo. Likiachwa wazi kwenye ncha, kichwa kikigonga nyama hufunuka, hupanuka hata mara mbili ya unene wake, na kukata njia pana. Huyo mnyama huanguka upesi. Koti likifunika ncha yote, hakifunuki. Hupita moja kwa moja, mbali sana, kwa njia nyembamba.

Je, ipi ni bora? Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kwamba ipo risasi "kali" inayofaa kila kitu. Kwa simba au pofu, risasi isiyofunuka yaweza kumtoboa na kutokea upande wa pili huku mnyama akikimbia bado, akafie mbali mahali asipoonekana. Kwa tembo mambo hugeuka. Fuvu lake ni pana, limejaa vijumba vya mifupa kama sega la asali, na ubongo wake, ambao una uzito wa kilo 5 hivi tu, umelala nyuma na chini, usawa wa matundu ya masikio. Risasi inayofunuka huishia njiani katika vijumba hivyo. Tembo atatikisa kichwa, atakwenda zake na maumivu, na mtu wa kwanza atakayekutana naye atalipa. Kwake yeye ni ile isiyofunuka peke yake.

Nyati yuko katikati, na ndiye mgumu kuliko wote kwa kuchagua. Dume lake lina kilo 700 na zaidi, ngozi nene shingoni na mabegani, na mbavu pana zilizokaribiana. Moyo wake umekaa chini kifuani, baina ya miguu ya mbele, chini kuliko watu wanavyodhani. Risasi inayofunuka haraka mno huvunjikia begani, kama kile kipande mezani pangu. Isiyofunuka yaweza kumpita na kumjeruhi nyati mwingine aliyesimama nyuma yake, ambaye mwindaji hakumwona hata kidogo, na sasa kuna majeruhi wawili. Kwa sababu hiyo wawindaji wengi wazoefu humpiga nyati kwanza kwa risasi inayofunuka polepole, iliyotengenezwa imara isivunjike, na kwanza huhakikisha nyuma yake pako wazi. Zinazofuata, akiwa anakimbia kwa kuwapa mgongo, huwa zile zisizofunuka.

Tena kuna ukubwa. Katika nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji, bunduki ndogo kabisa inayokubaliwa kwa wanyama wa hatari ni ile ya .375, iliyotolewa na mafundi wa Uingereza Holland & Holland mwaka 1912. Kichwa chake cha kawaida kina gramu 19 na kitu, nacho hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde. Askari wetu wengi wa wanyamapori wamezoea ile ya .458, iliyotoka Marekani mwaka 1956, yenye kichwa cha gramu 32. Naomba mkumbuke gramu hizo 32.

Sasa nije kwenye mwaka 1987. Nilikuwa mwalimu kijana, miaka michache tu kutoka chuo cha ualimu, katika shule ya msingi ya kijiji kimoja wilayani Tunduru. Mwalimu mkuu alikuwa mgonjwa, nami nikikaimu. Shamba la shule lilikuwa na mahindi mazuri kupita miaka yote, karibu ya kuvunwa, na mwezi wa Aprili nyati wakaanza kuingia usiku. Usiku wa kwanza walikula pembe moja ya shamba. Usiku wa tatu tulikuta robo imelala chini. Tuliwasha mioto, tukapiga madebe, watoto wa darasa la sita na la saba wakakesha wakiwa na walimu, jambo ambalo leo nisingethubutu kulifanya.

Kijijini alikuwapo mzee mmoja mwenye leseni ya bunduki ya marisau. Alikuwa mwindaji mzuri wa kanga na digidigi, mtu mpole, asiyejisifu. Nilimwendea. Aliniambia hivi: "Mwalimu, nyati si wa bunduki hii. Mpelekee habari Bwana Nyama wilayani, aje na bunduki yake." Nilijua kwamba habari kwenda wilayani na askari kuja ni wiki nzima, pengine mbili, kwa kuwa gari lilikuwa moja na mafuta yalikuwa ya shida. Pasaka ilikuwa tarehe 19 ya mwezi ule. Moyoni nilihesabu mahindi, na (mbona nifiche?) nilihesabu na nyama pia, maana kwa desturi ingegawiwa kijijini, na sisi walimu tulikuwa hatujaonja nyama tangu Krismasi. Nikamwambia, "Mzee, tumia kile ulicho nacho. Mungu atasaidia."

Alikuwa na risasi tatu za SG, yaani zile za marisau makubwa. Alikwenda usiku wa Alhamisi, akamvizia dume mmoja kwa karibu sana, hatua kumi na tano hivi, akapiga. Nyati akanguruma, akaondoka. Asubuhi tuliona damu kidogo kwenye mabua, si nyingi, tukafuata hadi matete ya mtoni, na hapo mzee akakataa kuingia. Alikuwa na haki. Tulirudi. Tulisema nyati amehama. Tena kwa siku mbili hawakuja shambani, nasi tukafurahi.

Jumamosi, mkesha wa Pasaka, baba wa mtoto mmoja wa darasa langu alikwenda mtoni kutazama migono yake ya samaki. Hakuwa ameambiwa. Hakuna mtu aliyeambiwa, kwa sababu sisi tulioyajua tuliona haya kutangaza kwamba tumeshindwa. Nyati alimtokea ndani ya matete, akamchoma pembe ya paja na kumtupa. Alinusurika kwa kuangukia majini chini ya mti uliolala. Walimbeba kwa kitanda hadi zahanati, kisha siku ya pili hospitali.

Bwana Nyama alikuja Jumanne, akaingia matetemi na askari wake mmoja, na tukasikia mlio mmoja, halafu wa pili. Walipomchuna nyati yule mimi nilikuwapo. Chini ya ngozi ya bega na katika nyama ya mbavu tulikuta marisau saba, meusi, yamezungukwa na usaha. Hakuna hata moja lililopita mbavu. Risasi moja ya SG ina marisau tisa. Mawili sijui yalikwenda wapi. Bwana Nyama aliyapanga kwenye kiganja akanitazama, hakusema neno.

Miaka mingi baadaye nilifanya hesabu, kwa vile mwalimu hawezi kuacha kufanya hesabu. Kila risau la namna ile lina uzito wa gramu tatu na nusu hivi. Zidisha mara tisa, unapata gramu 31 na nusu. Yaani mzee yule alirusha madini yenye uzito karibu sawa kabisa na kichwa kimoja cha .458 ambacho kingemwangusha mnyama yule pale pale. Tofauti ni kwamba yake yaligawanyika sehemu tisa, kila moja ya duara na nyepesi, na mwendo wake ulikuwa mdogo. Chukua msumari mmoja mrefu na misumari midogo tisa yenye uzito wa ule mmoja, kisha jaribu kutoboa mpingo, utaona. Na hili mzee yule alilijua bila hesabu. Aliniambia kwa maneno sita au saba, nami nikayaweka kando.

Basi, bahati mbaya ni nini? Nadhani ni lile lisiloweza kujulikana wala kuzuiwa na mtu mwenye akili timamu aliyejitahidi. Mti ukikuangukia njiani siku isiyo na upepo, hiyo ni bahati mbaya. Fataki ikikataa kuwaka ingawa ulizitunza risasi zako pakavu, hiyo nayo. Lakini mtu aliyeonywa hana tena haki ya neno hilo. Tazameni sheria ya Musa katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21. Ng'ombe akimpiga mtu pembe kwa mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, na mwenyewe ameonywa, asimfunge, hatia humrudia yeye. Ng'ombe ni yule yule na pembe ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mtu alijua. Na katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ajengaye nyumba ya dari tambarare aliagizwa aweke ukingo juu yake, mtu asianguke. Agizo hilo halikungoja mtu aanguke kwanza. Lilimpata fundi angali na udongo mikononi.

Sheria zetu za wanyamapori humtaka mtu aliyemjeruhi mnyama afanye kila jitihada kummaliza, asimwache. Ni sheria njema. Lakini sheria hiyo huanza kazi baada ya mlio wa bunduki, na kufikia hapo mambo mengi yamekwisha kuamuliwa.

Kuna jambo moja linalonishangaza kila nikilifikiri. Tarehe 29 Julai 1899 mataifa yaliyokutana The Hague, Uholanzi, yalitoa tamko la kukataza vitani risasi zinazofunuka au kutandazika mwilini mwa mtu. Zilikuwa zikiitwa dumdum, kwa jina la Dum Dum, mahali karibu na Calcutta huko India ambako Waingereza walikuwa na karakana ya silaha. Watu waliona ni ukatili. Na risasi ile ile inayofunuka, iliyokatazwa kwa askari, ndiyo ambayo mwindaji mwenye huruma hulazimika kumtumia pofu au simba! Nilipowasimulia wanafunzi wangu zamani, walicheka na kusema Wazungu wamewapendelea wanyama. Sivyo. Vitani shabaha ni kumwondoa askari katika mapigano. Akiondolewa kwa jeraha linaloponyeka, imetosha, kuna daktari nyuma yake na mama anayemngoja. Mnyama hana hospitali. Kwake jeraha linaloponyeka nusu ni siku nyingi za usaha na nzi, kama tulivyoona kwa macho. Kwa hiyo kitu kile kile chaweza kuwa ukatili mahali pamoja na huruma mahali pengine. Anayetaka kuhukumu risasi kwa kuitazama tu mezani, bila kuuliza inamwendea nani na kwa kusudi gani, atahukumu vibaya.

Mtu atanipinga na kusema kwamba risasi si kitu, mpigaji ndiye. Atanitajia Bell, yule Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880 na kuwinda Karamoja, Uganda, hata wenzake wakampa jina la Karamojo Bell. Aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7, ambayo leo ingekatazwa kwa tembo. Ni kweli. Lakini ulizeni alifanyaje. Alipasua mafuvu ya tembo aliowaua ili ajue ubongo umekaa wapi ukitazamwa kutoka kila upande. Alitumia risasi zisizofunuka, ndefu na nyembamba, zinazokwenda moja kwa moja. Hakupiga mpaka apate nafasi aitakayo. Bell hakudharau uchaguzi wa risasi. Alichagua kwa makini kuliko wengi wenye mizinga mikubwa, ambao mara nyingi huifumba macho kwa kuogopa teke lake. Bunduki kubwa isiyokuwa na shabaha hujeruhi vile vile.

Ila nikimtaja Bell sina budi kusema na upande wa pili. Tembo wale 1,000 aliwaua kwa ajili ya pembe, auze. Aliyekufa upesi, hilo lilikuwa jema kwake. Lakini siwezi kusema kazi nzima ilikuwa njema kwa sababu ilifanywa kwa ustadi. Mwenye kuchagua risasi vizuri amejibu swali la "vipi". Swali la "kwa nini" bado linamngoja mlangoni.

Namheshimu zaidi mtu mwingine, Mmarekani John Nosler. Mwaka 1946 alikuwa akiwinda huko British Columbia, Kanada, akampiga mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, aliyekuwa amegandamana matope makavu. Bunduki yake ilikuwa na nguvu ya kutosha, lakini risasi zilifunuka mapema mno, zikavunjikia juu juu. Angeweza kusema ni bahati mbaya, au matope. Alirudi nyumbani akaanza kufikiri. Akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele ifunuke, ya nyuma ibaki nzima na kuendelea ndani. Mwaka 1948 akaanza kuziuza, na mpaka leo zinatumika. Sisemi alikuwa mtakatifu, alikuwa mfanyabiashara. Lakini alikubali kwamba kosa lilikuwa mkononi mwake kabla halijawa mwilini mwa mnyama.

Na hata mnyama akifa upesi, kazi ya risasi haijaisha. Madini haya ni sumu. Kichwa kinachovunjika huacha vijichembe vidogo mno katika nyama, mbali na tundu lenyewe, na vipo pia katika matumbo yanayotupwa porini. Ndege wakubwa walao mizoga huvimeza. Jimbo la California huko Marekani liliona tai wake wakubwa waitwao kondo wakifa kwa sumu hiyo, likapitisha sheria mwaka 2013, na tangu tarehe 1 Julai 2019 hakuna ruhusa kuwinda humo kwa risasi za madini hayo. Watu wanatumia za shaba tupu. Sisi nasi tuna tai, na tuna watoto wanaokula nyama ya porini. Akina mama, jeraha likikatwa, msione uchoyo kutupa nyama yote ya kandokando iliyovia damu, na muifukie.

Lipo shauri moja ambalo sijalimaliza nafsini mwangu. Yule mgeni alikuwa na masanduku mawili ya kuchagua. Mzee wa Tunduru alikuwa na risasi tatu, zote za namna moja. Je, maskini anachagua nini? Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba kwake hakuna kosa, kwa kuwa hana njia. Lakini njia alikuwa nayo, na aliitaja mwenyewe: kutopiga. Aliyemwondolea njia hiyo ni mimi, mtu wa shule, niliyeheshimiwa kuliko yeye. Ndiyo maana naona hatia ya risasi mbaya mara nyingi haikai kwa mwenye kidole kwenye kiwambo peke yake. Imegawanyika kama yale marisau: kwa anayemharakisha mwindaji, kwa anayengojea nyama, kwa mkubwa anayemtuma askari akamkabili tembo na risasi mbili mfukoni, na kwa kijiji kinachonyamaza ili kisionekane kimeshindwa. Hata hivyo, mahindi yalikuwa yanaliwa kweli, na watoto wale walihitaji uji. Mtu akiniuliza ningefanya nini wiki ile kama Bwana Nyama asingekuja kabisa, sina jibu safi.

Kijana wangu alirudi baada ya wiki mbili. Nilimwambia kwamba kwa maoni yangu mgeni yule hakutenda kosa pale alipofyatua, maana inaelekea alilenga vizuri. Alilitenda kambini usiku uliotangulia, alipofungua sanduku moja na kuacha la pili baada ya kuambiwa. Akatikisa kichwa kwa muda, kisha akasema jambo ambalo hakulisema mara ya kwanza. Mwindaji bingwa ndiye aliyesema, mara moja, kwa upole, akaacha. Yeye kijana alikuwapo na alijua risasi zile. Mwaka uliopita aliona zikivunjika. Alinyamaza kwa sababu mgeni yule alikuwa mkarimu, na siku ya mwisho wageni hutoa bahashishi.

Basi nami nikamsimulia habari za mwaka 1987, ambazo mke wangu peke yake ndiye aliyezijua. Nilimweleza nilivyokwenda hospitali wiki ya pili baada ya Pasaka kumtazama yule baba. Mguu wake ulikuwa umefungwa mpaka kiunoni, naye alikwenda kwa fimbo maisha yake yote baadaye. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, nikamwambia kwamba ni mimi niliyemwambia mzee apige kwa bunduki ile, na kwamba tulijua nyati yuko matetemi tukanyamaza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kama watoto shuleni walipata nyama. Nikasema walipata. Akauliza kama mwanawe naye alipewa, au alirukwa kwa kuwa hakuwapo siku ile. Sikujua. Niliporudi nilitazama daftari la mgawo, na jina la mtoto halikuwamo.